Mdudu wa Mvua Kwenye Kiganja cha Ayeeyo

Garissa, baada ya swala ya alasiri

Hodan, aabo,

Assalamu alaikum. Hali yako sikuulizi kwa sababu naisikia kutoka hapa nilipokaa. Uko chumba cha pili unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema Eldoret kuna baridi ya kuua mbuzi, wewe unasema blanketi lenye picha ya simba litakutia aibu mbele ya wenzako wa chuo. Libebe tu, aabo. Huyo mama humwezi.

Mambo ya blanketi, nauli, dawa ya tumbo na nani atakupokea ukishuka basi nimemwachia yeye. Ameshayasema mara tatu na kesho asubuhi atayasema mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikalia zaidi ya miaka miwili. Kulisema kwa mdomo nimejaribu. Juzi tukinywa chai nilianza, nikasema, "Hodan, kuna kitu," ukaniangalia, ukauliza, "Aabo, unaumwa?" Nikasema ndiyo, tumbo. Ukaniletea tangawizi. Niliinywa yote, na tumbo halikuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa sisi wa zamani Kisomali hatukufundishwa kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kujaza vibali vya mifugo. Na nitaendelea kukuita aabo. Unamkumbuka mwalimu wako wa Kiswahili, yule aliyetoka Makueni, alivyonishangaa siku ya wazazi? "Mzee, mbona unamwita binti yako baba?" Nikamwambia kwetu ndivyo ilivyo, mzazi humwita mtoto kwa jina lile lile ambalo mtoto anamwita yeye. Akasema hiyo ni heshima kubwa kumpa mtoto. Sikuwa nimewahi kuifikiria hivyo. Mwaka huu nimeifikiria sana.

Jambo lenyewe ni hili. Kadi ya kamera yako haikuchukuliwa na askari. Niliitupa mimi.

Ukitaka kuisoma tena sentensi hiyo, isome. Haina maana nyingine. Hakuna askari aliyeigusa kadi, hakuna aliyeiona, hakuna aliyejua kwamba kuna kadi. Yule mwembamba mwenye pengo la jino niliyekusimulia hayupo duniani. Nilimtunga njiani kati ya Dadaab na Garissa, na nilipofika nyumbani alikuwa ameshapata hata lile pengo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Ulikuwa kidato cha tatu, likizo ya Aprili, mvua imenyesha wiki nzima. Tulikuwa kambini kwa adeer yako, ndugu yangu, kwa ngamia, upande wa Liboi. Ulikuwa na ile kamera kuukuu niliyoinunua Dadaab kwa mfanyakazi wa shirika aliyekuwa anarudi kwao, nawe ulikuwa umeshaifanyia yako. Uliing'oa lenzi, ukaigeuza nyuma mbele, ukaifunga kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Nilipoiona nilipiga kelele mpaka ngamia wakainua vichwa. "Umeiharibu!" Ukanijibu kwa ule upole wako unaoudhi, "Aabo, ndivyo inavyoona vidogo." Ukanionyesha jicho la nzi. Nikasema nzi ni nzi.

Kazi yangu unaijua. Miaka ishirini na minane serikalini nikinyunyizia mifugo dawa. Kitu chochote chenye miguu sita au minane kwangu kilikuwa cha kunyunyiziwa, basi. Kupe nilijua majina yao ya kitabuni na magonjwa wanayoleta, lakini sikuwahi kumtazama hata mmoja akitembea. Na wewe ulikuwa unalala kifudifudi mchangani saa nzima, hijabu imejaa mbigili, ukimngoja sisimizi mmoja ageuke. Mbuzi wanahitaji maji, binti yangu anamngoja sisimizi. Nilikuona mvivu, na nilimwambia adeer yako hivyo. Nisamehe kwa hilo pia.

Siku yangu ya mwisho pale, wadudu wa mvua walitoka. Wale wekundu, kama vipande vya mahameli, wanaochomoza ardhini mvua ikinyesha na kupotea kabla hujawazoea. Ayeeyo, mama yangu, alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake ya mikeka, na mmoja akampanda kidole. Akamwacha. Mama yangu hakuwa akiwaua hao, alisema ni wageni, waache wapite. Ukakimbilia kamera. Mimi nikajua atakufukuza, maana alikuwa amekataa kupigwa picha maisha yake yote, harusi kwa harusi, mpaka watu wakaacha kumwomba. Lakini alikutazama, akacheka. "Uso wangu niliuonyesha serikali mara moja, kwa kitambulisho, yatosha," akasema. "Mkono chukua. Mkono si siri."

Mdudu akapita kiganjani taratibu, juu ya makovu ya kamba ya kisima na hina iliyofifia. Ulipiga picha nyingi, ukaniletea moja niione kwenye kioo kidogo cha nyuma. Kila unywele wa yule mdudu ulikuwa umesimama peke yake, na chini yake ngozi ya mama yangu, mstari kwa mstari. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu kwa karibu hivyo tangu nilipokuwa nanyonya. Nikasema, "Nzuri." Ni hilo tu nililokuambia.

Kadi ilikuwa imejaa. Wewe ulibaki kwa ayeeyo wiki moja zaidi, mimi nikawa narudi Garissa. Ukaitoa, ukaifunga ndani ya karatasi, ukaniwekea mfukoni mwa shati kwa mkono wako. "Aabo, usiichanganye na funguo. Usiikalie. Mpelekee fundi wa kompyuta pale sokoni, anakili zote, hata mbaya." Gari likiwa limeshawashwa ukakimbia tena dirishani, furaha imekujaa: "Na kuna buibui nilimpata kwenye waya wa kambi ya askari! Ametega kati ya miiba miwili. Hiyo picha ni moto, aabo, utaona!"

Hilo la waya ndilo lililonimaliza.

Nilikuwa kiti cha nyuma cha pikapu ya abiria, upande wa dirisha, mtungi wa maziwa ya ngamia katikati ya miguu. Kabla ya Dadaab kulikuwa na foleni kizuizini. Mbele yetu walikuwa wameshusha watu wa gari zima, na mmoja alikuwa amesimama pembeni huku simu yake ikipekuliwa. Mtu wa umri wangu katika kaunti hii, aabo, akiona mapipa barabarani na bunduki, hafikirii kwa kichwa. Anafikiria kwa mgongo. Nikiwa mdogo nilimwona baba yangu amelazwa juani kifudifudi, asubuhi mpaka adhuhuri, kwa sababu ya karatasi iliyokutwa mfukoni mwake ambayo hakujua kuisoma. Ilikuwa karatasi ya kufungia sukari. Sikuambii hili unihurumie. Nakuambia ujue ni nani mwingine alikuwa nami kwenye gari lile.

Nikawaza waya. Nikawaza picha za ua wa kambi, ziko mfukoni mwangu, na watauliza aliyezipiga ni nani na yuko wapi sasa. Gari likasogea. Nikatoa kiwiko nje kama mtu anayetafuta hewa, mkono ukaning'inia, vidole vikafunguka. Sikuisikia ikianguka. Ilikuwa nyepesi mno.

Askari alipofika kwetu alitazama kitambulisho changu, akatazama mtungi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Haya maziwa ni ya leo?"

Nikasema ya leo. Hata hilo lilikuwa uongo, yalikuwa ya jana. Akasema, "Endelea, mzee."

Ningeweza kushuka. Ningeweza kusema, afande, kuna kitu changu kimeanguka pale nyuma. Nilikaa. Tulipofika Dadaab abiria mwenzangu alinitazama usoni, akaninunulia chai akidhani ni sukari imeshuka. Tulipotoka Dadaab nikaanza kumtunga yule mtu.

Uliporudi nikakuambia. Hukulia. Nadhani ungelia kama ningesema kweli. Wewe ukauliza tu, "Alikuwa na cheo gani?" Nikampa cheo. Majirani wakaja kunipa pole, wakaniambia nimshukuru Mungu nimerudi na viungo vyangu vyote, nami nikamshukuru mbele yao, na biskuti nikala. Kisha ukaandika barua kwa mkuu wa kituo. Ya heshima, yenye "ninaomba" kila mahali. Ulieleza kwamba ni wadudu tu, na pembeni ukachora mmoja ili aelewe. Ukanipa niipeleke. Haikufika popote. Imo humu kwenye bahasha, utaiona, nimeitunza. Mchoro ni mzuri sana.

Mwaka huo huo, kabla ya mvua za vuli, ayeeyo akafariki, Allah amrehemu. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika birika, nikakusikia ukiwaambia wanawake: "Mkono wa ayeeyo uko kwa askari." Ulisema bila kilio, kama unawaambia nguo fulani iko kwa fundi. Nilimwaga chai. Kesho yake ukaifungia kamera kwenye sanduku la bati, chini ya mashuka. Na ulipochagua kozi, nilikuwa nyuma yako, ya kwanza ilikuwa ya viumbe. Ukaitoa, ukaweka ununuzi na ugavi. Nilipouliza sababu ulisema hutaki kusomea kutazama vitu katika nchi ambayo mtu anachukuliwa alichokiona. Maneno makali, na kilichoyazaa ni uongo wangu.

Ununuzi na ugavi ni kozi nzuri, sina neno nayo. Ila ningependa uisome kwa sababu zako.

Baada ya msiba nikaanza kwenda kambini kila mwezi. Mama yako aliingiwa na wasiwasi kwamba nimeoa upande wa Liboi. Aliniuliza waziwazi, nikaapa sina mke mwingine, na moyoni nikatamani kosa lingekuwa hilo, maana hilo watu wanajua kulizungumza. Nilikuwa nashuka gari karibu na kizuizi, nikiitafuta kadi. Kitu cha ukubwa wa ukucha, mchangani, baada ya miezi saba ya malori na mbuzi. Najua. Nilipiga magoti hivyo hivyo.

Safari ya pili askari akanijia. "Mzee, unatafuta nini hapo chini?"

Nikajibu kilichokuja kwanza mdomoni. "Wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wadogo."

"Haya, nionyeshe."

Aabo, nilitazama chini na sikuona hata mmoja. Miaka ishirini na minane, na sikuona hata mmoja! Kisha nikakiona kishimo cha mchanga mfano wa faneli, hakizidi kifuniko cha soda, na nikakukumbuka. Ulinionyesha kimoja nyuma ya choo chetu siku moja nikiwa sitaki kuonyeshwa. Nikachuma unyasi, nikachokoza ukingo kama ulivyofanya. Mchanga ukarushwa kutoka chini, taya mbili zikatokea. Askari akachuchumaa, bunduki mapajani. "Ala! Kumbe ndani kuna mwenyewe!" Akamwita mwenzake aje aone. Walikaa pale wanamchokoza mpaka gari likawapigia honi.

Alikuwa yeye, yule wa maziwa. Meno yake yote yapo.

"Na wewe huwa unawafanyia nini?" akaniuliza. Nikasema nawapiga picha. Ndipo ikabidi niwapige picha.

Hivyo ndivyo baba yako alivyoanza. Nilinunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, kwa mwenye duka aliyenihakikishia ni ya wasichana kupigia picha kope zao, na akataka kujua nampelekea nani. Mwezi wa kwanza picha zangu zote zilikuwa ukungu mtupu. Nikairudisha, nikagombana naye kwamba ni mbovu. Kumbe ni mimi nilikuwa napumua. Nilipoacha kupumua nikakuta kichwa changu kinaleta kivuli. Sisimizi mmoja nilimshika kwa vidole nimkalishe vizuri, akabaki na miguu minne. Nilimwomba radhi kwa sauti, na wewe uliyekuwa unafua pale nje ukauliza naongea na nani. Halafu nikasikia mahali kwamba mdudu akipata baridi hutulia. Nikamtia mbawakawa kwenye kopo, kopo nikalitia kwenye friji, na mama yako akalifungua akitafuta hiliki. Zile kelele unazikumbuka. Uliambiwa ni panya.

Ile picha ya mbawakawa wa friji ilitoka safi, ya kwanza kabisa kutoka safi, na niliifuta. Alikuwa amekunja miguu, hakuwa akifanya lolote lake. Nilimrudisha nje kwenye jua, akakaa muda mrefu kabla ya kuondoka. Tangu siku hiyo nawafuata waliko. Asubuhi, kabla ya upepo, kwenye vichaka vya mathenge karibu na mto, kiwiko ardhini. Ukiwa karibu hivyo, panapoonekana wazi ni pembamba kuliko karatasi. Ukipata jicho mguu unapotea, ukipata mguu jicho linapotea, inabidi uchague na uridhike. Unasogea na mwili mzima, kidogo tu, na unapiga pumzi ikiisha.

Haya yote uliyajua tangu kidato cha pili. Sikufundishi. Nayaandika ujue nimeyafikia kwa magoti yangu, na kwamba mwalimu alikuwa ndani ya nyumba yangu na sikuweza kumwuliza swali hata moja. Ungeuliza, "Aabo, umeanza lini kupenda wadudu?" na ningejibu nini? Nilikuwa nikipata picha nzuri naificha. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Masika haya yule askari na mimi tulikuwa tumeshazoeana. Alikuwa akiniwekea habari: "Mzee, kuna wa kijani amepita hapa jana, ana pembe." Siku moja nikamweleza ukweli wote, kadi, waya, pengo. Unaona hapo, yeye alijua kabla yako. Mwanzo alicheka sana.

"Kwa hiyo kuna msichana Garissa ananichukia na sijawahi kumwona."

"Ndiyo."

"Na nina pengo."

"Ndiyo."

Akaacha kucheka. "Mzee," akasema, "siku moja atafika kwa mtu kama mimi, amtazame vibaya, na huyo mtu hatajua ni kwa nini. Hapo itakuwaje?"

Ilikuwa imeshakuwa. Mwaka jana, ukimpeleka mama yako Nairobi kwa ajili ya macho, mlipopangwa foleni darajani na afande mmoja akakuomba kitambulisho, wewe ukamwuliza, "Leo mnataka kuchukua nini?" Saa mbili juani, wewe na mama yako asiyeona vizuri. Mama yako aliponisimulia kwa simu nilikwenda bafuni nikafunga mlango nikakaa chini. Yule afande hakuwa amekukosea. Kesho utalipita daraja lile lile la Tana, na mama yako hayupo wa kukuombea msamaha. Ndiyo sababu siwezi kungoja tena, aabo. Naogopa. Utakuwa umebeba hasira kwa mtu niliyemtunga mimi, na wa kuumia nayo ni wewe.

Sisemi wote ni wema. Baba yangu hakulazwa juani na malaika. Wapo watakaokukosea kweli, na hao wakasirikie, una haki. Huyu mmoja mtoe. Hakuchukua kitu. Alitaka kujua habari za maziwa.

Sasa picha iliyomo humu. Mwaka jana mvua ilikuwa ya kutania, wadudu wekundu sikuwaona. Mwaka huu ilinyesha. Adeer yako alikuwa ameshahama, lakini nilitembea mpaka pale nyumba ya ayeeyo ilipokuwa, mawe ya jiko lake bado yapo. Nikaweka kiganja ardhini, nikangoja. Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi. Mmoja akapanda. Nilikuwa na simu mkono wa kushoto, nikapiga kumi na moja kabla hajashuka. Kumi ni takataka. Hii moja nimeichapisha.

Ukiitazama utaliona kosa hapo hapo. Mdudu ni doa jekundu tu, ana ukungu. Kilichotoka wazi ni mkono. Mimi nilimlenga mdudu, simu ikachagua mkono. Nilikaribia kuifuta. Halafu nikauona mstari ule unaokatika chini ya kidole cha kati, na kidole kidogo kilivyopinda kwa ndani, na nikajua ninatazama kiganja cha mama yangu. Tangu utotoni watu wanasema nimechukua mikono yake, nami nilidhani ni maneno ya kumfurahisha. Nililia, hapo kwenye mawe ya jiko, mtu mzima na simu yake. Sikupi picha hii iwe badala ya ile. Badala yake haipo, na sitakudanganya tena kwa hilo. Tena ndio mkono huo huo uliotoka dirishani. Nimeitazama miezi kadhaa nikijaribu kuona mmoja bila mwingine, na siwezi.

Mama yako ananiita, magharibi imekaribia. Yeye nitamwambia leo tukishaswali, na atakachonifanyia ni haki yangu. Barua hii nitakupa mkononi kesho baada ya alfajiri, kabla ya chai, ili upate muda wa kukasirika ukiwa nyumbani. Basi ni saa mbili. Kama muda hautatosha, lipo lingine la saa nne.

Nitakuwa nimekaa barazani, kamera iko mapajani mwangu. Nimeifuta vumbi, utepe nimebadilisha, na kadi mpya imo ndani, haina kitu. Ukinipita ukaenda moja kwa moja mpaka getini, sitakuita. Nitakufuata na blanketi mpaka stendi, nimefunga mdomo. Na ukiichukua, darajani wakikuuliza ni ya nini, waambie ni ya wadudu, na wakitaka kuonyeshwa, chuchumaa uwaonyeshe. Ila waya wao usiupige.

Usiseme umenisamehe kama bado hujanisamehe. Iwashe tu, usogee karibu kadiri lenzi inavyotaka, na picha ya kwanza kwenye kadi hiyo iwe yangu. Mkono chukua. Uso serikali inao.

Aabo